Msimpe mtihani, mpeni mizani

Kuna kitu tunakipenda sana tukienda kusalimia wazee na mi nimefika mahali nakichukia kabisa. Mtu anaingia ndani, hajakaa vizuri, hajaulizwa hata anakunywa nini, anamwinamia mzee usoni: "Shikamoo babu! Unanikumbuka? Haya niambie, mimi nani?" Alafu anasubiri, na sebule nzima inasubiri naye. Mzee anatabasamu, anazungusha macho kutafuta msaada, anajaribu jina, sio lenyewe, watu wanacheka kidogo, mmoja anasema jamani uzee huu, na kuanzia hapo mpaka mgeni anaaga mzee hatoi tena neno. Amekuja kusalimiwa kanyamazishwa.

Baba yangu ana dimensia, ule ugonjwa wa kusahau. Tunaishi naye Nyakato hapa Mwanza, nyuma ya duka langu, na nimeamua kuandika hii maana kila nikikaa na watu wenye wazazi wa umri wake naulizwa swali lilelile, tumfanyie nini asizidi kupotea? Wengi wanategemea niwatajie dawa. Dawa zipo na daktari atakwambia zako ni zipi kama zipo, ila hakuna ya kuponya, na hilo tuliambiwa mapema bila kuzungushwa. Aina inayojulikana zaidi imebeba jina la Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani aliyeielezea mwaka 1906, yaani zaidi ya karne nzima imepita na bado tunapambana. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na dimensia, na zaidi ya nusu yao wako kwenye nchi kama zetu hizi. Kwa hiyo yule anayesema huu ni ugonjwa wa wazungu aje akae dukani kwangu wiki moja.

Sasa baba ni nani. Baba alikuwa karani wa pamba. Kwa wasiojua, Mwanza hii imejengwa na pamba kabla hata sangara hajawa biashara. Mwaka 1955 wakulima wa kanda hii waliunganisha vyama vyao kwenye shirikisho moja kubwa la ushirika, makao makuu hapahapa mjini, Paul Bomani akiwa kinara wake, na baba alikuja kuajiriwa chini ya huo ushirika akiwa kijana, kazi yake kukaa kwenye kituo cha kununulia, kupima magunia, kuandika kwenye daftari, na kumwambia mkulima usoni kwamba pamba yako hii ni safi, hii ni fifi, nenda kachambue upya. Serikali ilipovifuta vyama vya ushirika mwaka 1976 alikosa kazi kama wengine, akaja kurudi baadaye viliporudishwa. Lakini kwenye kichwa chake cha sasa 1976 haijafika. Ukitaka kumpata baba mzima mzima mtafute miaka ya sitini, yupo pale, kavaa shati jeupe na kalamu mfukoni.

Na hii sio baba tu. Ugonjwa huu, hasa hiyo aina ya Alzheimer, kwa kawaida unaanza na sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya, ndo maana mzee anaweza akauliza mara kumi kama amekula lakini anakutajia majina ya makarani wote wa Magu wa enzi hizo. Ni kama daftari linaloliwa na mchwa kuanzia kurasa za mwisho. Wewe mjukuu uliyezaliwa juzi uko kwenye ukurasa ulioliwa, alafu unakuja unasimama mbele yake unamuuliza mimi nani. Angalau jitambulishe! "Shikamoo babu, mimi wa Misungwi, mtoto wa binti yako wa pili, nimekuletea karanga." Hapo umempa kila kitu, kazi yake ni kuitikia marahaba na kuanza kukuuliza habari za Misungwi. Hata kama hajakujua kabisa atajua wewe ni mtu wake.

Kuna adui wa pili, na huyu ni mbaya zaidi kwa sababu anakuja na sura ya huruma. Anaitwa "mwacheni mzee apumzike". Baba alipoanza kuchanganya mambo kila mtu alikuwa mwema sana kwake. Jumuiya yetu ya kanisa pale mtaani wakasema tusimsumbue mzee na masomo, wakaacha kumpa zamu. Wazee wenzake wa kijiweni wakaacha kumpigia kelele aje kwenye drafti maana akicheza anasogeza kete ya mwenzake. Ndugu zangu wakasema asibebe ndoo, asiende sokoni, asishike pesa, asikae jikoni. Kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri tu, ila ukizijumlisha unapata mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kuanzia chai mpaka magharibi anaangalia ukuta, mikono imelala mapajani. Kisha tunashangaa anazidi kupotea. Mtu mzima asiye na kazi, asiyeulizwa kitu, asiyeongeleshwa, hata akili yake ingekuwa timamu angeenda wapi?

Wazo la mizani sikulitoa kwenye kitabu. Dukani nauza dagaa wa soko la Mwaloni, maharage, mchele, karanga, unga, vitu vya kupima. Siku hiyo binti anayenisaidia alikuwa anampimia mteja maharage, baba akainuka kwenye kiti chake, akamtoa pembeni bila hata kumwangalia, akashika ile bakuli ya mizani akaiangalia kwa chini kama kuna kitu kimegandishwa, akaigonga gonga, akaiachia mpaka ikatulia, alafu ndo akaanza kumimina. Nilikaa kimya. Mikono ilikuwa inajua yenyewe. Baadaye daktari alinieleza kwamba kumbukumbu ya mikono, ya vitu ulivyofanya maisha yako yote mpaka vikawa desturi, mara nyingi inadumu kuliko ile ya majina na tarehe, ndo maana mama aliyesahau watoto wake bado anaweza kusuka ukili, na mvuvi anaweza kuziba nyavu vizuri huku anakuuliza we ni nani.

Basi nikatoa stoo ile mizani ya zamani ya mawe nikamwekea kwenye meza yake. Ya dijitali ipo chini ya kaunta, na kila anachopima baba napima tena kimyakimya kabla hakijatoka, maana mteja asipunjwe na watu wa vipimo wasije wakanifungia duka kwa ajili ya mizani isiyo na stika. Wateja wa kudumu wameshazoea. Wanaingia, "Shikamoo karani," anaitikia, "Marahaba, umeleta ngapi leo?" na wenyewe wanasema kilo mbili, hata kama wamekuja kununua na sio kuleta. Bei zake ni za senti. Mteja mpya akisikia dagaa wanauzwa kwa senti anacheka, anaangalia kwangu, namwonyesha kwa vidole bei ya leo, maisha yanaendelea.

Mchana wateja wakipungua ana maharage yake kwenye ungo. Anachambua. Mazuri huku, yaliyotobolewa na mawe kule, na anayaita safi na fifi kama pamba. Nitawaambia siri, kuna siku maharage yameshaisha kuchambuliwa jioni nayachanganya tena kwa ajili ya kesho. Kuna ndugu yangu aliniona akasema namdhalilisha mzee, namfanyisha kazi ya bure isiyo na maana. Sikubaliani naye kabisa. Maharage yaliyochambuliwa na baba ndo tunayopika nyumbani, na kwenye chakula nasema kwa sauti kwamba leo hakuna jiwe, shukrani kwa karani. Wanaojua kwamba mengine yanarudi kwenye ungo ni mimi na ndugu huyo tu. Ukiniuliza kati ya hiyo na ule ukuta, nachagua ungo.

Watu wananiletea pia ushauri wa chemsha bongo, mafumbo ya namba, magemu ya simu. Sio mabaya, ila angalia mtu wako. Mzee ambaye hajawahi kushika gazeti la mafumbo maisha yake yote huwezi kumwanzishia leo, ni mtihani mwingine tu huo. Kule kwenye drafti nilienda mwenyewe kuongea na wale wazee, nikawaambia msimwombe acheze, mwombeni akae awe refa. Wakacheka, wakakubali. Sasa anaenda, anakaa kwenye benchi lao, vifuniko vya soda vinagongwa, watu wanatukanana kwa upendo, yeye kila baada ya muda anasema "huyo kaibiwa!" na nusu ya mara anakuwa sahihi.

Kuna jambo lilinifurahisha nilipolijua. Uingereza wana tiba ya vikundi kwa watu wenye dimensia ya mwanzo na ya kati, haina kidonge, ni watu kukaa pamoja mara 2 kwa wiki kwa wiki 7, vikao 14 jumla, wanaongea, wanaimba, wanashika vitu, wanacheza. Ikaletwa Tanzania, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, ikatafsiriwa na kubadilishwa iendane na wazee wa huko wakiwemo wasiojua kusoma, na waliohudhuria walipata unafuu, kwenye akili na hata kwenye wasiwasi. Huko Hai ndiko pia watafiti walipita nyumba kwa nyumba na kukuta kwamba kwenye kila wazee 100 wa miaka 70 na kuendelea kama 6 hivi wana dimensia. Mwanza sina kikundi cha namna hiyo cha kukuelekeza, lakini kanuni yao moja nimeiiba naitumia kila siku: usimuulize anakumbuka nini, muulize anaonaje. "Baba unakumbuka ulikula nini asubuhi?" ni swali lenye jibu moja na yeye analikosa. "Baba, hawa dagaa na wale wa Ukerewe wepi wazuri?" halina kukosea. Atabishana mpaka jioni. Jumuiya nayo tuliongea, sasa hawampi somo la kusoma ila wanamwachia aongoze rozari, na pale hakuna anayemzidi, Salamu Maria haijapotea hata neno moja.

Kisukuma kinarudi. Kadiri Kiswahili chake kinavyokatika katika ndivyo lugha ya utotoni inavyojaa mdomoni, na watoto wangu wa mjini wanasikia wanaona babu kaanza kuchanganyikiwa kumbe anaongea vizuri kabisa ila wao ndo hawajui. Nikawafundisha walau salamu, mwangaluka asubuhi, mwadila mchana, na ukimsalimia hivyo anainua kichwa kabla hujamaliza. Bora zaidi nilimpata bibi mmoja jirani, mtu wa Kwimba, anakuja mara kwa mara kubangua karanga na baba, wanapiga umbea wa Kisukuma masaa. Wakati mwingine nikisikiliza naona kila mtu anaongea stori yake na hazikutani popote. Hawajali. Mimi nampa bibi karanga za kuondokea na nauli ya bodaboda.

Kabla hujasema mzee wako hataki watu, kamcheki masikio na macho. Tulidhani baba kajitenga kwa ugonjwa, kumbe sikio moja lilikuwa limejaa nta mpaka mwisho. Likasafishwa, wiki hiyohiyo akaanza kulalamika kwamba redio ina kelele. Wataalamu walioandika kwenye jarida la Lancet mwaka 2024 waliorodhesha mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia, na kutosikia, kutoona vizuri, presha, kisukari na upweke vyote vimo, wakasema karibu nusu ya dimensia, asilimia 45, ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa mambo hayo yangeshughulikiwa. Hii inakuhusu na wewe unayesoma, sio mzee peke yake. Na kitu kingine, mzee akibadilika ghafla, jana alikuwa anaongea leo haelewi kabisa, analala tu au anaona vitu visivyokuwepo, usiseme ni dimensia imepanda. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa malaria, mkojo mchafu, dawa zimegongana, au alianguka akagonga kichwa na hukumwona.

Matembezi tunayo lakini nimejifunza kuchagua. Mwaloni Kirumba kwenyewe, na ile mikokoteni na watu wanaopiga kelele za bei, kunamchosha, anaanza kunishika mkono kwa nguvu, tunaondoka. Asubuhi ufukweni upande wa Capri Point akiangalia mitumbwi ni sawa. Ziwa halimuulizi swali. Tulimpeleka Sengerema pia baada ya daraja la Kigongo-Busisi kufunguliwa Juni 2025, kilomita kama 3 juu ya maji, mi mwenyewe nimeduwaa dirishani, yeye kakasirika njia nzima kwamba dereva kapitiliza kivuko. "Kivuko kiko wapi? Mmelipa tiketi?" Tukamwambia tumelipa. Akatulia.

Lakini kwetu huku Usukumani kuna sababu nyingine ya kutomficha mzee ndani, na watu hawapendi kuiandika. Mzee anayetoka usiku, anayeongea peke yake, anayesimama mlangoni kwa jirani saa nane hajui kwa nini, kuna sehemu anaitwa mchawi. Na akiwa bibi mwenye macho mekundu kwa sababu ya miaka yote ya moshi wa kuni, Mungu amsaidie. Kanda hii imezika vikongwe waliokatwa mapanga kwa maneno ya aina hiyo, hilo sio siri, na nadhani wengine walikuwa wanaumwa tu huu ugonjwa. Kwa hiyo mimi nilienda kwa balozi wa nyumba kumi, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaenda kwa vijana wa sungusungu na kwa bodaboda wa kijiwe cha kona, nikawaambia mzee wetu anaumwa, anasahau, mkimkuta usiku msimuulize maswali, mwambieni karani twende kituoni mizani imefika. Imeshafanya kazi. Bodaboda mmoja alimleta kwa heshima zote, kamkalisha nyuma, anaendesha polepole, na hela akakataa.

Magharibi ni saa ngumu. Jua likianza kushuka anahangaika, anataka kuondoka, anatafuta kofia. Tumempa kaunta buku. Tunafunga hesabu, mimi namtajia, dagaa, maharage, mchele, yeye anaandika, mistari mingine ni namba mingine ni mikwaruzo tu, mwisho anasaini. Ile saini haijabadilika. Akishasaini mara nyingi anakubali kwamba kazi imeisha na anaweza kukaa ale.

Na ndo muda anaomuulizia mama. "Mama yenu bado hajarudi kutoka Magu?" Mama alishafariki miaka mingi. Dada yangu alikuwa anamwambia ukweli kila akiuliza, kwa sababu kwake kutosema ni uongo na uongo ni dhambi, na kila mara baba alikuwa anaupata msiba upya kabisa, analia, nusu saa baadaye kasahau kilichomliza ila huzuni imebaki. Tuligombana kwenye hili na bado hatujakubaliana sana. Mimi simwambii anakuja na simwambii amekufa. Namuuliza, "Umemkumbuka eh? Akienda Magu alikuwa anarudi na nini?" Hapo anaanza, michembe, matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, anaeleza jinsi mama alivyokuwa anavianika juu ya mwamba wasile kuku, anacheka. Siku akiniuliza moja kwa moja, "amekufa?", namjibu ndiyo baba, na tunakaa.

Kwa ndugu walio mbali mnaotuma pesa, asanteni, pesa inafanya kazi. Ila pigeni simu, na mkipiga msianze na "mzee unanifahamu?" Anzeni na jina lenu alafu mlalamikie jambo. Kaka yangu wa Dar anampigia kumlalamikia foleni na bei ya nyama, baba anatoa ushauri mrefu ajabu kuhusu kubana matumizi, wote wawili wanakata simu wameridhika.

Ugonjwa hausubiri. Namba kwenye mawe ya mizani zimeanza kumpiga chenga, kwa hiyo sasa tumehamia kwenye sado, lile kopo la kupimia, anajaza, anapitisha mkono juu kusawazisha, anamwaga. Sado ikimshinda tutabaki na ungo, na ungo ukishinda nitatafuta kingine. Msimu wa pamba ukifunguliwa mwezi wa tano, mdogo wangu wa Magu ameshaongea na katibu wa AMCOS yao, chama cha ushirika cha wakulima, turuhusiwe kukaa naye pale asubuhi moja, kiti chini ya mwembe, karibu na mizani ila sio kwenye foleni. Atafanya nini pale sijui. Anaweza akawafokea kwamba wameleta pamba fifi, na kwa pamba ninayoionaga siku hizi atakuwa hajakosea.